Vijumba vya Watoto: Mtoto Anajifunza Nini Anapocheza "Baba na Mama"?

AlhamduliLlaah, sifa zote njema Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Wazazi wengi huuliza juu ya mchezo ambao karibu kila mmoja wetu aliucheza utotoni. Watoto wanajenga kijumba kwa makuti au kwa kanga kuukuu, mmoja anakuwa baba, mwengine mama, waliobaki wanakuwa watoto na wageni, na mchanga unapikwa ukawa wali. Wapo wanaouita kupikapika, wapo wanaosema kujipikilisha, vijumba, au baba na mama. Masuali huwa matatu. La kwanza, je, mchezo huu una faida yoyote, au ni kupoteza wakati ambao mtoto angeutumia kusoma? La pili, je, mabandia wanayochezea watoto wa kike yanaingia katika makatazo ya picha na masanamu? La tatu, na ndilo linalowatia wazee hofu zaidi, je, si hatari watoto wa kiume na wa kike kuigiza mume na mke?

Masuali haya yanafungamana, na haiwezekani kulijibu moja vizuri bila ya kujua mtoto anafanya nini hasa anapocheza. Kwa hiyo tuanze na mchezo wenyewe.

Mchezo wenyewe: tuvuke tuangalie Handeni na Korogwe

Mkabala na Pemba, ng'ambo ya bahari, upo mkoa wa Tanga, ambako familia nyingi za visiwani zina jamaa zao. Ndani ya mkoa huo zimo Handeni na Korogwe. Wenyeji wengi wa Handeni ni Wazigua. Korogwe wamo Wazigua, Wasambaa na Wabondei, pamoja na watu wa makabila mengine waliofuata kazi katika mashamba ya mkonge kama Magunga na Ngombezi, na walioletwa na reli ya kutoka Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902. Tunapachukua huko kuwa mfano kwa sababu vijijini nyua bado ni pana, na mchezo huchezwa nje, chini ya mwembe, mbele ya macho ya watu.

Vifaa vyake havinunuliwi. Gunzi la mahindi likivishwa kitambaa linakuwa mtoto mchanga, anafungwa mgongoni kwa mtandio na kubembelezwa. Singa za katani zinatosha kuwa nywele. Mawe matatu ni mafiga, kopo la maziwa ni sufuria, udongo uliokorogwa maji ni ugali, na majani yoyote yaliyo karibu ni mboga. Anayekuwa baba anaaga kwenda shamba, anazunguka nyuma ya nyumba, kisha anarudi na kupiga hodi. Anayekuwa mama anamkaribisha, anampa maji ya kunawa, anapakua.

Angalia kisha wanaigiza nini. Handeni kwa miaka mingi imejulikana kwa shida ya maji, hata yakawa yanavutwa kwa bomba kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, katika mradi maarufu kwa jina la HTM. Mtoto aliyekulia penye shida hiyo anaingiza ndoo na foleni katika mchezo wake, na anamkemea mwenzake anayemwaga maji ovyo. Wa mjini Korogwe, penye stendi ya mabasi, anaweka machungwa ya udongo kichwani na kuwakimbilia abiria wasiokuwepo. Mtoto wa Kojani au Nungwi, huku kwetu, baba yake wa mchezo anatoka baharini na samaki. Wa Paje, mama yake anaanika mwani.

Mchezo ni mmoja, lakini kila mtoto anajenga nyumba anayoijua. Hili tuliweke akilini, kwani ndilo jibu la sehemu kubwa ya masuali yetu.

Anachojifunza ndani ya kijumba

Wataalamu wa malezi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Jean Piaget wa Uswisi aliandika kitabu mwaka 1945 juu ya namna mtoto anavyofikia kukifanya kitu kimoja kisimame badala ya kingine. Kabla yake, mwaka 1933, Lev Vygotsky wa Urusi alitoa mhadhara akieleza kuwa katika mchezo wa kuigiza mtoto hujibeba juu kuliko umri wake, kwa sababu anajaribu kuishi kama mtu mkubwa. Tukiyaweka maelezo yao katika lugha ya uwanjani kwetu, tunapata mambo manne.

La kwanza ni alama. Mtoto wa miaka miwili anapokiita kifuu cha nazi sufuria, anajua vizuri kuwa ni kifuu, na wakati huohuo anakubali kiwe sufuria. Huu ni uwezo mkubwa. Herufi "ba" nayo ni mchoro tu, na ili asome lazima akubali mchoro huo usimame badala ya sauti. Mtoto aliyezoea kifuu kuwa sufuria na gunzi kuwa mtoto ameshaanza kuitembea njia ya kuelekea kwenye Juzuu 'Amma na kwenye daftari la skuli.

La pili ni kujizuia. Mtoto anayelia akinyimwa kitu papo hapo ndiye yuleyule anayeweza kukaa kimya robo saa katika mchezo kwa sababu yeye ni "mgonjwa", au kungoja mpaka "wageni" wapakuliwe kwanza. Mama wa mchezo hawezi kumwacha mtoto wake jua kali. Kanuni hizi watoto wanawekeana wenyewe, na anayezivunja anaambiwa na wenzake kuwa mama hafanyi hivyo. Subira inayozoewa kwa hiari mchezoni ni nyepesi kuliko ile inayolazimishwa kwa bakora.

La tatu ni maneno na adabu. Ndani ya kijumba mtoto anapiga hodi na kungoja karibu, anaamkia shikamoo na kuitikia marahaba, anatoa salamu ya Kiislamu na kuirudisha, anaposa, anafariji mfiwa, anabembeleza bei. Katika siku ya kawaida yeye ni mtoto tu, na maneno ya mkubwa hana nafasi ya kuyasema. Mchezoni anayasema, na mwenzake anamsahihisha. Mtoto wa Handeni anayesikia Kizigua kwa bibi yake na Kiswahili darasani anaweza kuzitia lugha zote mbili kijumbani, kila moja mahali pake.

La nne ni hesabu. Kugawa ugali wa udongo kwa watu watano sawasawa ni hesabu. Duka la mchezo ni hesabu pia: fedha ni majani au kokoto, na mchanga unapimwa kwa kopo. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi moja, pishi ileile tunayoitaja tunapotoa Zakaatul-Fitwr. Mtoto anayejaza kopo la mchanga mara nne katika chombo kikubwa anakielewa kipimo kwa mikono yake kabla ya kukiandika.

Kisha mchezo unageuka kazi taratibu. Mtoto wa miaka mitatu anafagia uwanja kwa tawi na kuacha taka zaidi ya alizozikuta. Akifika saba anafagia kweli. Katika jamii nyingi za Kiafrika hakuna mstari unaotenganisha hatua hizi mbili. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, hukohuko Tanzania, humpa mtoto wa kiume upinde mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Anaanza kwa kucheza nao, na katika kucheza huko anakuwa mwindaji.

Visiwani tuna ushahidi wetu. Mradi wa skuli za maandalizi za Madrasa, chini ya Mfuko wa Aga Khan, ulianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1980 kwa juhudi za walimu kama Bi Swafiya Said wa Mombasa, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Uliunganisha mafunzo ya dini na kujifunza kwa kucheza, kwa vifaa vya hapahapa: vifuu, kokoto, vibao, vikapu. Utafiti wa nchi hizo tatu uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa watoto wa skuli hizo waliendelea zaidi kiakili kuliko wenzao. Baadaye vikaja vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, ambako watoto wa vijijini Unguja na Pemba walifundishwa kwa vipindi vya redio. Jina la vituo hivyo lenyewe lilitosha kuwa somo kwa wazazi.

Wazee wa bara nao walilijua hili

Kumfundisha mtoto maisha ya nyumbani kwa kitu cha mfano si fikra iliyotoka Ulaya. Miongoni mwa Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, mwali aliyewekwa ndani alikuwa akipewa kijisanamu cha mti kiitwacho mwana hiti, akitunze kama mtoto: akioshe, akipake mafuta, akichane. Mwaka 1956 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya vinyago vya udongo vilivyotumiwa kufundishia vijana wa Tanganyika wanapobaleghe.

Hapa Muislamu lazima atenganishe mambo mawili. Kumzoesha msichana kulea kwa kitu cha mfano ni jambo moja. Kuitakidi kuwa kijisanamu kinaleta uzazi au kinaondosha ugumba ni jambo jengine, nalo halikubaliki, kwani mwenye kuruzuku watoto ni Allaah Pekee. Tunachokichukua kwa wazee hao ni hekima yao kwamba malezi hufunzwa kwa mikono, na kwamba mafunzo hayo yanahitaji wakati na usimamizi wa watu wazima. Yaliyobaki tunayaacha.

Mabandia katika nyumba ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam)

Katika Swahiyh al-Bukhaariy na Swahiyh Muslim, Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) amesimulia kwamba alikuwa akichezea mabandia nyumbani kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na alikuwa na wenzake wakicheza naye. Mtume anapoingia walikuwa wakijificha kwa haya, naye akiwarejesha kwake wakaendelee kucheza.

Katika Sunan Abiy Daawuwd imepokewa kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliporejea kutoka vitani, upepo ulifunua pazia na akayaona mabandia ya 'Aaishah, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Alimuuliza habari za farasi kuwa na mbawa, naye akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaymaan ('Alayhis-salaam). Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Mzazi azingatie. 'Aaishah alisikia kisa, akakishika, kisha akakitengeneza kwa kitambaa. Mtume alimuuliza, akamsikiliza mpaka mwisho, na akafurahi.

Na Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh (Radhwiya Allaahu 'anhaa) amesimulia kuwa walipokuwa wakiwafungisha watoto siku ya 'Aashuuraa waliwatengenezea michezo ya sufi, na mtoto akililia chakula humpa mchezo huo mpaka wakati wa kufuturu. Hapa mchezo umetumika kumsaidia mtoto katika 'ibaadah.

Hukmu ya mabandia

Al-Haafidhw Ibn Hajar (aliyefariki mwaka 852 H), katika Fat-hul-Baariy, ameeleza kuwa Hadiyth ya 'Aaishah imetolewa hoja ya kujuzu mabandia ya watoto wa kike, na kwamba yamevuliwa katika makatazo ya jumla ya picha. Amenukuu kutoka kwa Al-Qaadhwiy 'Iyaadhw (aliyefariki mwaka 544 H) kwamba jamhuri ya 'Ulamaa wamejuzisha kuyauza, ili watoto wa kike wazoeshwe tokea udogoni mambo ya nyumba na watoto wao. Kwa maneno mengine, faida ya mafunzo ambayo wataalamu wa leo wanaiandikia vitabu ndiyo sababu waliyoitaja Mafaqihi wetu karne nyingi zilizopita.

Wapo 'Ulamaa walioona kuwa ruhusa hiyo ilikuwa kabla ya makatazo ya picha kisha ikafutwa, na kauli yao inatajwa hukohuko. Katika wanavyuoni wa zama zetu, Shaykh Ibn 'Uthaymiyn alisema kuwa bandia lisilo na sura kamili, lenye umbo la jumla tu, halina shaka katika kujuzu kwake. Ama lile la kiwandani linalofanana na binadamu kila kitu, yeye alikuwa na wasiwasi nalo, ingawa hakukata kuwa ni haramu.

Kwa mzazi anayetaka kujiweka mbali na shaka, njia ni nyepesi na haina gharama: bandia la kitambaa alilolishona bibi, au gunzi lililovishwa nguo kama wafanyavyo watoto wa Handeni. Lina faida nyengine pia. Bandia la plastiki limekuja na kila kitu, mpaka macho ya kufumba. Gunzi halina uso, na mtoto ndiye anayeamua leo analia, leo anaumwa, leo amelala. Kazi ya akili anaifanya mwenyewe.

Na je, mtoto anayesema mchanga ni wali anasema uongo? Hapana. Uongo ni kumdanganya mtu, na katika mchezo hakuna anayedanganywa, kwani wote wanajua kuwa wanacheza. Akikuletea "chai" katika kifuu, pokea, unywe na umshukuru. Uongo unaopasa kuogopwa ni wa mzazi anayemwita mtoto kwa ahadi ya kumpa kitu naye hana nia ya kumpa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimtanabahisha mwanamke aliyemwita mtoto wake kwa ahadi ya kumpa kitu, akamuuliza alikusudia kumpa nini. Mtoto anajua tofauti ya mchezo na ahadi, na ahadi ikivunjwa anaumia.

Hofu ya wazee: mume na mke

Hofu hii ina msingi, na hatutaidharau. Lakini kuupiga marufuku mchezo hakuondoshi kinachoogopwa. Kunauhamisha tu kutoka uwanjani kwenda nyuma ya choo au ndani ya gofu la nyumba, ambako hakuna anayeona.

Mtoto mdogo aliyelelewa katika sitara anapocheza baba na mama huwa anaigiza kupika, kwenda sokoni, kugombeza watoto na kulala huku akikoroma. Hana zaidi kwa sababu hajaona zaidi. Akiigiza mambo ya chumbani, suali la kwanza liwe ameyaona au ameyafanyiwa wapi. Dini imetangulia kutufunga mlango huo. Katika Suuratun-Nuur, Aayah ya 58, Allaah ('Azza wa Jalla) Ameamrisha kwamba hata watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wazee wao katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa kupumzika mchana, na baada ya 'Ishaa. Na katika Hadiyth iliyopokewa na Abu Daawuwd, watoto wanaamrishwa swala wakiwa na miaka saba, na wakifika kumi watenganishwe malazi. Aliyelishika agizo la hodi na la malazi ameulinda mchezo wa mtoto wake kabla haujaanza. Na aliyeyaacha, akampa mtoto simu isiyo na mlinzi mpaka usiku wa manane, hatapata kinga kwa kubomoa kijumba cha makuti.

Ukiwakuta watoto wadogo wa rika moja wanaangaliana miili, usipige wala usipige kelele za kuwaita mashetani. Wafunike, waambie kwa utulivu kuwa tupu haioneshwi wala haishikwi, kisha wageuzie mchezo mwengine. Baadaye, peke yenu, muulize kila mtoto ameyaonea wapi. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya watu hatakwambia tena lolote, na siku atakapodhuriwa kweli atanyamaza.

Lakini ukiona mkubwa anamlazimisha mdogo, au mtoto anaigiza kwa undani mambo ambayo umri wake hauyajui, au ameanza kuogopa mtu fulani, hilo limeshatoka katika mchezo. Usilimalize kwa suluhu ya kifamilia ili kuficha aibu. Simu ya bure kwa ajili ya watoto ni 116, na hapa Zanzibar vipo vituo vya Mkono kwa Mkono ambako mtoto anapata daktari, ushauri na msaada wa sheria mahali pamoja. Kumsitiri Muislamu hakumaanishi kumsitiri anayemdhulumu mtoto.

Mchezo unatuonesha nyumba zetu

Tulisema kila mtoto anajenga nyumba anayoijua. Mzazi anayekaa barazani akasikiliza kijumba cha watoto wake kwa nusu saa atajua mengi. Atasikia namna yeye mwenyewe anavyozungumza na mkewe. Atasikia kama baba wa mchezo anaingia kwa salamu au kwa matusi, kama mama wa mchezo anaomba fedha ya mboga kwa hofu, kama mtoto wa mchezo kila akikosea anapigwa. Watoto wengi wa visiwani wana baba anayefanya kazi Oman au kwengine Ghuba. Baba wa mchezo wao ni sauti ndani ya kibao kilichofanywa simu, na mama anamwambia karo imefika. Mtoto hana nia ya kumsema mtu, anaeleza tu nyumba ndivyo ilivyo.

Basi tukisikia tusiyoyapenda, la kufanya ni kujirekebisha sisi. Kumkataza mtoto asiigize kofi huku kofi lenyewe linaendelea ndani hakumfundishi ila kuficha.

Suala la watoto wa kiume linaingia hapa. Wapo wazee wanaomfukuza mtoto wa kiume jikoni kwa mchezo, wakisema atakuwa mwanamke. 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) aliulizwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Imepokewa na Al-Bukhaariy. Mtoto wa kiume anayembeba bandia, anayechota maji na kukoroga uji wa udongo anajifunza tabia ya mbora wa waume. Aliyefukuzwa humo atajifunza kuwa baba lini, ikiwa hata mchezoni hakuruhusiwa?

Watoto wanaokosa mchezo

Makundi mawili ya watoto yanaukosa mchezo huu leo. La kwanza ni wanaofanyishwa kazi kupita kiasi, aghalabu watoto wa kike: kutoka skuli ni maji, kuni, mdogo mgongoni, chuoni, kisha usiku. Kazi ya nyumbani ni malezi mema, lakini mtoto wa miaka sita anayelea mtoto wa kweli mchana kutwa hana nafasi ya kukosea. Gunzi likianguka halivunjiki shingo. La pili ni watoto wa mjini waliofungiwa ndani na simu au televisheni, wanaotazama wengine wakiigiza.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeutaja mchezo miongoni mwa haki ambazo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Na kabla ya sheria hiyo, Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameshatufunza kuwa watu wetu wana haki juu yetu.

Mambo ya kuyafanya

1. Wapeni watoto muda wa kila siku, kwa mfano baina ya kurudi chuoni na Magharibi. Adhana ikiingia mchezo unasimama, na mzoee kuwaona wakiigiza swala pia. Mtoto wa miaka minne anayeswalisha mabandia msimcheke.

2. Wapeni mahali pa wazi panapoonekana kutoka jikoni au barazani. Kijumba kisiwe na mlango wa kufungwa.

3. Wapeni vifaa salama: vifuu, makopo yasiyo na ncha kali, vitambaa, vikapu vilivyochakaa. Viberiti, visu, mafuta ya taa na mifuko ya plastiki ya kuvaa kichwani viwe mbali. Wafundisheni kwamba "chakula" cha mchezo hakiliwi, na waoneshwe mbegu za mbono kaburi na za mbarika wazijue kuwa ni sumu, kwani wapikaji wadogo huziokota kama maharage. Visima vifunikwe.

4. Waangalieni bila ya kuwaongoza. Mkialikwa, ingieni kama wageni: pigeni hodi, kaeni, kuleni "wali", toeni shukrani, ondokeni.

5. Watengeni kwa umri. Wadogo wa chini ya miaka saba wanaweza kucheza pamoja mbele ya macho ya mkubwa. Wanaokaribia miaka kumi wageuziwe mapishi ya kweli, bustani, ushoni au duka la kweli, kila mmoja na wenzake.

6. Wasimulieni visa vya Mitume na Maswahaba, kama 'Aaishah alivyokuwa na kisa cha Sulaymaan kichwani. Mtoto huigiza alichonacho, na sisi ndio wenye kumjaza.

Kwa muhtasari: mchezo wa vijumba ni halali ukisalimika na yaliyokatazwa, mabandia ya watoto yanajuzu kwa kauli ya jamhuri, na faida yake katika akili, adabu na malezi iko wazi. Linalotakiwa kwa mzazi ni kusimamia mchezo, na kabla ya hapo kuisimamia nyumba ambayo mtoto anaiiga.

Tunamuomba Allaah Atuwafikishe katika kuwalea watoto wetu, na Awajaalie wawe kitulizo cha macho yetu duniani na Aakhirah. Aamiyn.

Wa-Allaahu A'lam.